Kitambaa Cheupe Juu ya Kompyuta

Mwanamke aliyeitwa Rosalie Harding alikuwa amelazwa hospitali Perth, Australia, mbavu tatu zimevunjika. Mume aliyezivunja alikuwa hajakamatwa. Kesho saa nne asubuhi Rosalie angehamishiwa nyumba nyingine ya kujificha, na anwani ya nyumba hiyo ingeandikwa kwenye faili lake la kliniki, maana muuguzi wa kumbadilishia bandeji lazima ajue pa kwenda. Sasa faili hilo ndilo lililovuja mara ya kwanza. Tundu likiwa bado lipo, litavuja tena, na safari hii huenda zisiwe mbavu.

Hiyo ndiyo kesi aliyokuwa nayo Inspekta Gliceria Palmares wa kitengo cha makosa ya mtandao aliposhuka kwenye bajaji mtaani Jaro, mjini Iloilo, Ufilipino, mvua ikimwagika tangu alfajiri na mwavuli wake umevunjika mkono mmoja. Kwapani alibana bahasha ya nailoni yenye kurasa sita kutoka kliniki hiyo ya Perth. Kurasa zilisema faili la Rosalie lilifunguliwa Jumatano ya wiki iliyopita kwa jina la mfanyakazi mmoja tu, binti anayechapa barua za madaktari akiwa nyumbani kwake hapo Jaro. Analyn Sumagaysay, miaka ishirini na sita. Jumatatu mume alikuwa mlangoni kwa Rosalie. Leo ilikuwa Alhamisi.

Getini kulikuwa na bango la plastiki kubwa kama mlango, picha ya mzee anatabasamu, maji yakimtiririka usoni. Wenceslao Sumagaysay, alizaliwa 12 Februari 1951. Gliceria alilisoma mara mbili, akaandika kwenye daftari, kisha akabisha.

Aliyefungua alikuwa mama mnene mwenye gauni jeusi. Shangazi Pilar, dada wa marehemu.

"Wewe ndiye wa polisi? Nilidhani polisi wanakuja na gari."

"Gari liko gereji."

"Na mwavuli nao ungeupeleka hukohuko. Ingia, utaugua halafu tutaambiwa tumekuua."

Ndani kulikuwa na viti vya kukodi vimepangwa safu safu, mshumaa mbele ya picha ya mzee, na harufu ya maua yaliyoanza kuoza. Mzee alizikwa Jumamosi. Tangu hapo kila siku saa tisa mchana majirani wanakuja kumwombea, siku tisa mfululizo, na leo ilikuwa ya tano. Ilikuwa saa nane na nusu.

Analyn alikaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na meza ndogo ya kona iliyobeba kompyuta. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa. Gliceria alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Umemuuzia nani, Inday?" aliuliza, kama binti yeyote anavyoitwa Iloilo.

"Sijamuuzia mtu, Madam. Nakuapia kwa baba."

"Baba mwache apumzike. Faili lile lina alama nyekundu, lisifunguliwe bila sababu. Jumatano saa tisa na dakika nne mchana lilifunguliwa kwa jina lako. Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye sala. Baba alikuwa hapo katikati, ndani ya jeneza."

"Ulikuwa unasali, na vidole vyako vinachapa?"

Shangazi Pilar ndiye aliyejibu, huku anamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. "Mimi nakwambia ni Jonel. Yule fundi simu wa jirani. Mtu anayefungua simu za watu kutwa, unadhani anafanya nini mle ndani?"

Ukutani karibu na dirisha, kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu nene, iliandikwa pasiwedi ya waifai. Chini yake: Mkimaliza filamu, zimeni.

"Nyumba ngapi zinatumia?" Gliceria aliuliza.

"Saba," alisema Analyn.

"Nane," alisema Shangazi. "Juzi walihamia wale wenye kasuku. Ungewanyima vipi? Wakikuona njiani watakuangaliaje?"

Sauti ya mwanamume ikatoka dirishani. "Shangazi, nakusikia, ujue." Alikuwa Jonel mwenyewe, chini ya paa la bati la upande wa pili, bisibisi mdomoni. "Mimi kwenye mtandao wenu naangalia mpira wa kikapu tu. Tena unakwamakwama."

"Basi nunua wa kwako."

"Nikinunua wangu mtakuja nyote kwangu."

Gliceria alitoa ukurasa wa pili, akaupitia kwa kidole. Majirani wanane kwenye waifai moja ni balaa, na angeliandika hilo. Lakini ukurasa ulikuwa wazi. Hakuna aliyeingilia kompyuta kupitia mtandao. Jina la Rosalie lilichapwa kwenye kibodi hiihii iliyoko mezani, na mtu aliyekaa hapa.

"Jonel, endelea na mpira wako," alisema bila kugeuka. Kisha kwa Analyn: "Pasiwedi yako ya kazini ni ipi?"

"Tuliambiwa tusimwambie mtu."

"Ni jina la baba na mwaka wake wa kuzaliwa?"

Analyn alifunika mdomo kwa kiganja.

"Iko getini, Inday. Imechapwa kwa rangi, na picha juu. Mtaa mzima umepita mbele yake."

Kwa dakika moja hivi ilionekana kesi imekwisha. Mtu yeyote aliyekuja msibani angeweza kubahatisha, akaingia, akafungua. Shangazi Pilar alishaanza kujipiga kifua, maana bango aliliagiza yeye. Lakini Gliceria alikuwa amerudi kwenye karatasi. Ukurasa wa tatu, safu ya kuingia na kutoka. Pasiwedi iliingizwa mara moja tu, Jumanne saa mbili na dakika tano asubuhi. Baada ya hapo haikuingizwa tena mpaka kompyuta ilipozimwa Ijumaa saa moja na dakika tano asubuhi.

"Hakuna aliyebahatisha," alisema. "Hakukuwa na haja. Mlango ulikuwa wazi. Kompyuta za kliniki yenu zinajifunga zenyewe usipozigusa dakika tano, sivyo?"

"Ndiyo, Madam."

"Hii imekaa saa sabini na moja bila kujifunga. Ulikaa saa sabini na moja hapo mezani? Hukulala, hukula, hukwenda hata chooni?"

Shangazi Pilar aliacha kumimina.

"Nikusomee kingine. Kipanya kimesogea saa zote hizo. Sekunde kumi na moja kwenda kushoto, sekunde kumi na moja kurudi kulia. Umbali uleule, mchana na usiku. Mkono wa mtu hauendi hivyo." Aliinuka. Kwenye kona, nyuma ya meza, kulikuwa na feni ya kusimama. Aliinama akautazama wavu wake. Kati ya nyaya mbili kulikuwa na fundo la uzi mweusi wa kushonea, umekatwa kwa haraka. Akaiwasha. Feni ikageuza shingo taratibu kwenda kushoto, naye akahesabu kwa sauti, bila haraka, mpaka kumi na moja. Ikarudi. Akahesabu tena.

"Wengi wanafanya hivyo, Madam," alisema Analyn kwa sauti ndogo. "Kuna programu inatuchunga. Kipanya kikisimama inaandika kwamba haupo. Mimi nina miezi minne kazini, sina likizo. Msiba wanatoa siku moja. Nikikosa tatu wanaweka mtu mwingine. Nilichapa usiku watu wakisinzia, saa nyingine zote nikakifunga kipanya kwenye feni kwa uzi."

"Na skrini iko wazi mbele ya wageni wote?"

"Haikuwa wazi. Nilipunguza mwanga mpaka ikakaribia kuwa nyeusi. Halafu ilifunikwa."

"Na nani?"

Analyn alimtazama shangazi yake. Shangazi Pilar aliinua kidevu.

"Mimi. Mnataka nini? Maiti ikiwa ndani, vioo vyote vinafunikwa. Nilifunika cha chumbani, cha bafuni, na ule mlango wa kabati. Nikageuka, nikauona uso wangu mle kwenye hiyo mashine, mweusi tii. Kioo ni kioo. Nikachukua shuka nyeupe nikaifunika, nikasema asiguse mtu mpaka tumzike kaka yangu."

"Nilikuwa nainua ncha tu usiku," alisema Analyn. "Mchana mbele za watu ningeifunuaje? Wangesema namwita baba anifuate. Na nilijua hakuna atakayeigusa. Nani angegusa kitambaa cha msiba?"

Gliceria aliandika yote. Mstari mmoja aliupigia chini: mahali ambapo kila mtu aliogopa kugusa ndipo palipokuwa wazi siku tatu.

"Jumatano saa tisa. Nani alikuwa humu ndani?"

"Watu hamsini," alisema Shangazi.

"Nani aliondoka mwisho?"

"Sasa hapo unauliza kama mtu asiye na wazazi. Mgeni wa msiba hasindikizwi mlangoni, utamsindikizia kifo. Wanaingia, wanakula, wanaondoka. Hatuwaangalii migongo."

"Saa tisa mlikuwa mmeelekeza nyuso wapi?"

"Jenezani. Tumepiga magoti. Meza iko nyuma yetu."

"Wote?"

Shangazi Pilar aliweka birika chini polepole. "Wote, isipokuwa... Niligeuka mara moja kutafuta kiberiti. Kulikuwa na mtu amekaa pale kwa meza, mwanamke, kitambaa kimemfunika kichwa na mabega. Nilidhani analia. Mtu akijifunika kulia unamwacha. Ndio adabu."

"Umbo lake?"

"Mdogo. Gauni jeusi. Lakini msibani nani hajavaa jeusi?"

Gliceria alimwomba Analyn asimame upande wa pili wa chumba, auone uso wake vizuri. Akatoa ukurasa wa nne, ule aliouweka wa mwisho makusudi, akauweka mezani na kuufunika kwa kiganja.

"Huyu mtu alichapa jina mara mbili. Mara ya pili alichapa Rosalie Harding, faili likafunguka. Lakini mara ya kwanza aliandika jina lingine, mashine ikasema hakuna mgonjwa huyo. Kliniki hawakulielewa, wakadhani ni makosa. Nisikilizeni." Akainua kiganja. "Rosalie Jamandre Pestaño."

Mvua ilikuwa imepungua. Kasuku wa jirani alikuwa anapiga mluzi.

"Mume angeandika Harding. Mtu aliyetumwa na mume angeandika Harding. Kule hakuna anayejua kwamba sisi katikati tunaweka jina la ukoo wa mama. Aliyechapa hivi hakuwa anamtafuta mke wa mtu. Alikuwa anamtafuta binti aliyemwandikisha shule." Alimtazama Analyn. "Ulijua tangu nilipoingia."

Analyn alishaanza kulia, kimyakimya. "Nilikuwa naomba isiwe yeye."

"Alijuaje kwamba Rosalie yumo kwenye mashine yako?"

"Mimi nilimwambia. Mwezi wa tano. Kila siku tukikutana dukani ananiuliza, Analyn, wewe unafanya kazi na watu wa Australia, hujasikia lolote? Kana kwamba Australia ni kijiji. Miaka miwili hajapata hata ujumbe wa mwanawe. Ananiuliza akiwa ameshika mkate, na anacheka, ili nisimwonee huruma. Siku moja jina likanipita kwenye barua ya daktari wa meno. Nikamwambia, Nang Purita, mwanao yu hai, anatengeneza meno. Hilo tu, Madam. Sikumwambia anaishi wapi."

"Ulimwambia yuko nyuma ya mlango gani."

"Nilitaka alale."

Gliceria alipiga simu Perth, akaongea kifupi, akataja saa, akataja feni, akaomba jina la Analyn lifungwe sasa hivi, lisisubiri kesho. Walipomjibu kwamba limefungwa alimwambia Analyn akae.

"Kazi imekwenda, Inday. Sikudanganyi. Kuhusu kuuza, nitaandika nilichokiona, na sijaona uliyeuza."

"Na Rosalie?"

"Anapumua kwa shida, lakini anapumua."

Geti likalia. Saa tisa kasorobo. Akaingia mama mdogo, gauni jeusi, viatu vya plastiki vinavyolia maji, mikononi sahani ya vikeki vya mchele viitwavyo puto, imefunikwa jani la mgomba. Nang Purita Pestaño, yaani dada mkubwa, kama mtaa mzima ulivyomwita, mchapaji mstaafu wa ofisi ya manispaa, miaka thelathini na mbili kwenye mashine ya kuchapa.

"Pilar, leo nimewahi, usiseme," alisema. "Kila siku mnasema Purita anachelewa sala ila hachelewi chakula." Akamwona mgeni. "Una mgeni mwenye mwavuli mbaya."

"Mimi ni Inspekta Palmares, Nang. Kaa kidogo."

Alikaa, sahani mapajani. Hakuogopa. Gliceria aliyezoea watu wanaotetemeka alimwuliza waziwazi, kwa sababu muda ulikuwa mfupi.

"Jumatano, watu wakiwa kwenye sala, ulijifunika kile kitambaa ukachapa jina la Rosalie?"

"Ndiyo." Alisema kama mtu anayekubali amechukua kiti cha mwenzake. "Sikuiba kitu. Niliomba msamaha kwa Wenceslao kabla sijafunua. Niliona kuna mwanga mdogo chini ya kitambaa, nikajua inawaka. Nilitaka kuona tu jina la mtaa anapokaa. Mama hawezi kujua hata mtaa?"

"Ukaiandika anwani."

"Nyuma ya karatasi ya sala."

"Ukampa nani?"

"Sikumpa mtu." Akafikiri. "Mumewe tu. Craig. Ananipigia kila Jumapili, miaka miwili hii, hakosi. Ananiita Mama. Wanangu wawili wa Manila hawanipigii hata Krismasi, yeye ananiuliza magoti. Analia kwenye simu, Madam. Anasema nilimkosea mwanao, sijui yuko wapi nimwombe radhi. Kwetu ndoa haivunjwi. Nikafikiri wakikaa wakaongea, Rosalie atarudi kuniandikia. Alikuwa anaona aibu, ndiyo maana alinyamaza. Nilidhani ni aibu."

"Ulimpa Jumapili."

"Jumapili. Akanishukuru sana." Alinyoosha ncha ya jani la mgomba. "Jana kapiga tena, na haikuwa Jumapili. Kasema wamepishana, Rosalie anahamia nyumba nyingine, nimtazamie tena. Ndiyo nikawahi leo, nimwombe Analyn kabla watu hawajajaa."

Shangazi Pilar alikaa chini. Analyn aligeukia ukuta.

Gliceria hakuzunguka. Alishawapelekea watu habari za aina hii mara nyingi, na aliziweka fupi. "Nang, Jumatatu alikwenda kwenye ile anwani. Alimpiga. Mbavu tatu, na pafu moja limeumia. Jirani ndiye aliyemwokoa. Craig amekimbia, wanamtafuta."

Nang Purita aliitazama sahani. Akaiondoa mapajani, akaiweka kwenye kiti cha pembeni, taratibu, katikati kabisa ya kiti.

"Jumatatu asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa nafua," alisema. "Nilikuwa naimba."

Nje watu wa sala walianza kufika, wanakung'uta miavuli, mtu mmoja anamtania Jonel kuhusu timu iliyofungwa. Gliceria alinyoosha mkono, na Nang Purita akampa simu yake kabla hajaombwa. Simu ndogo ya vitufe. Namba aliyotumia Craig jana haikuwa ile ya Jumapili zote, na ilikuwa wazi kwenye simu; Craig hakuificha, maana hakuona sababu ya kumwogopa mkwe anayemwita Mama. Gliceria aliinakili, akaituma Perth pamoja na saa ya simu. Dakika nne baadaye wakamjibu kwamba wanaifuatilia, na kwamba hawakuwa nayo.

"Imesaidia?" aliuliza Nang Purita.

"Inaweza kusaidia."

"Akinipigia tena nimwambie nini?"

"Hutapokea. Simu hii naondoka nayo."

Alikubali kwa kichwa. Gliceria alianza kuandika maelezo yake, tarehe, saa, jina kamili na ukoo wa mama katikati, na Nang Purita akayasoma kila mstari kwa jicho la mchapaji, akarekebisha namba ya nyumba yake. Alipofika mahali pa kusaini hakushika kalamu.

"Nyumba mpya anayopelekwa. Wewe utaijua?"

"Mimi nitaijua, ndiyo. Kwa ajili ya kesi."

"Basi nisikilize, Madam. Mimi najijua. Leo nakuogopa, kesho sitakuogopa. Nitakuja kituoni kwako. Nitakaa kwenye benchi lenu kutwa. Nitasema nataka tu mtaa, siyo namba. Nitalia, na nikilia watu wananipa ninachotaka, umeona hata huyu mtoto." Akamgusa Analyn mgongoni bila kumtazama. "Usiniambie."

"Sitakuambia, Nang."

"Nitakwambia naumwa."

"Hata ukiumwa."

"Nikikwambia nakufa, nataka nimsikie mara moja."

Mbele yao viti vilikuwa vinajaa, magoti yanagusa sakafu mojamoja, na Shangazi Pilar akiwa mbele ya picha anatafuta sauti ya kuanzia.

"Hata hapo," alisema Gliceria.

"Iandike," alisema Nang Purita. "Hapo chini, juu ya saini. Andika kwamba mama yake ndiye amekataza."

Gliceria akaiandika, na yule mama akaisoma mara mbili kabla hajasaini.